Prado 150, Discovery 4 au BMW X5 ya mtumba: kwa sisi wa Malindi ipi inafaa na itakutoa ngapi

Haipiti wiki bila mtu kunikuta barazani baada ya magharibi na swali hili hili. Ana milioni mbili na nusu, labda tatu, amechoka na gari ndogo, anataka gari kubwa ya starehe. Ameona Discovery 4 inauzwa Mombasa, ameona X5 nyeupe safi Nairobi, na shemeji yake anamshikilia achukue Prado aachane na mambo mengi. Mimi Discovery 4 nimekaa nayo miaka minne hapa Malindi, X5 ya binamu yangu naishughulikia kama yangu kwa sababu yeye yuko kazini Qatar miezi mingi ya mwaka, na Prado ndio gari ya nyumbani kwetu tangu mzee yuko hai. Kwa hivo nitasema nilichoona kwa macho na nilicholipa kwa mfuko.

Kwanza uelewe pesa ile ile inakununulia vitu tofauti. Kwa kiasi hicho Prado utakayopata ni ya zamani zaidi, 2010 au 2011 hivi, na imetumika sana. Discovery 4 utapata ya 2012 au 2013, na X5 utapata zile za mwisho wa toleo la E70 ambalo liliisha 2013, imejaa kila kitu mpaka viti vya kujisogeza. Ndio maana watu hupumbazika. Bei ya kununua ni mahari tu, nyumba bado hujaanza kuiendesha.

Pia sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, na Discovery 4 iliacha kutengenezwa 2016, kwa hivo hiyo na X5 E70 utanunua kwa mtu aliyeko humu nchini, na unarithi sevisi zake zote alizofanya na alizoruka. Prado 150 ilitengenezwa kuanzia 2009 mpaka 2023, hiyo bado unaweza kuagiza Japani, ila kwa pesa kubwa zaidi ya hizi tunazozungumzia.

Mambo ninayopimia ni matano: injini na giaboksi, miguu ya gari, umeme na chumvi ya bahari, fundi na spea, mwisho mafuta. Bei nitakazotaja ni za Malindi na Mombasa, nilizolipa mwenyewe au nilizotajiwa, na zinapanda na kushuka na dola, zichukue kama kipimo cha kukadiria.

Injini na giaboksi

Naanza na Discovery 4 kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Nyingi ni dizeli ya V6, 2.7 au 3.0. Ni injini tamu, ukijaza watu saba na mizigo ya harusi haijali, lakini ina ugonjwa mmoja unaojulikana kila mahali gari hii ilipouzwa, beringi za kranki. Beringi inazunguka pale ilipokaa, oili haipiti, kranki inakatika, na mara nyingi hupati dalili ya maana, gari inazima barabarani na ndio basi. Si kila gari hupatwa, ziko zilizopita km 300,000 bila kufunguliwa, ila ikikupata ni injini nzima, na injini ya mtumba pamoja na kufungwa sijaona chini ya 600,000, wengine wametoa milioni na zaidi. Kinga ni oili. Kitabu cha gari kinaruhusu zaidi ya km 20,000 kabla ya kubadilisha, na wewe ukifuata hivo kwa joto letu hili unajitafutia, mi nabadilisha kila 8,000.

Alafu kuna beliti za taimingi, ziko mbili, ya mbele na ya nyuma ya injini inayozungusha pampu ya dizeli, na watu wengi hubadilisha ya mbele wakaisahau ya nyuma. Kazi yote na spea weka 70,000 mpaka 100,000. Wakati huo huo muulize fundi habari ya pampu ya oili, maana zile za mwanzo pale zinaposhikilia tensheni ya beliti chuma chake ni dhaifu, kikivunjika beliti inatoka na injini inakufa, kwa hivo wajuzi huweka pampu ya toleo jipya kabisa. Tabo nazo zikifa, mafundi wengi huinua bodi nzima kutoka kwenye chesesi ndio wafikie. Ukiona mara ya kwanza utadhani gari imechinjwa, lakini ndio kazi yenyewe ilivyo.

X5 kwa upande huu ni nafuu kuliko watu wanavyosema, ukichagua injini. Ya petroli silinda 6 ndio ya kutafuta. Matatizo yake yanajulikana na yanakuja kwa zamu. Pampu ya maji ni ya umeme, ikifika karibu na km 100,000 inaweza kufa bila kuvuja hata tone, unaona tu ujumbe wa joto kwenye dashibodi, na ukijidanganya utafika Kilifi kwanza ndio uangalie basi umeua injini. Pampu na thamostati, 50,000 hadi 75,000. Gasketi za oili zinakauka, ya juu kwenye kava na ya nyumba ya filta. Hiyo ya filta gasketi yenyewe ni elfu chache, lakini ukiiacha oili inamwagikia beliti ya nje, beliti inachanika, na vipande vyake vinaweza kuvutwa ndani kupitia sili ya kranki. Nimeshuhudia. Zile za petroli hazina kijiti cha kupimia oili, unapima kwenye skrini, na fundi asiyejua anaweza kukuzidishia. Dizeli za kuanzia 2010 zina cheni ya taimingi iliyokaa nyuma, upande wa giaboksi, ikianza kukwaruza inabidi injini itolewe. Na ile V8 ya petroli ya tabo mbili, wallahi iache, inakunywa oili kama maji, na BMW wenyewe Marekani walilazimika kuanzisha mpango maalumu wa kuwarekebishia wateja wa injini hiyo mwishoni mwa 2014.

Discovery na X5 zote mbili zina giaboksi za kampuni moja, ZF. Muuzaji atakwambia oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000. Sinia yake ya chini ni ya plastiki na filta iko humo humo, unabadilisha vyote pamoja, 45,000 hadi 65,000. Giaboksi ikianza kugonga ukiweka D ujue aliyetangulia aliamini hiyo hadithi ya maisha.

Prado nyingi za pesa hii ni petroli 2.7, cheni si beliti, giaboksi ya gia 4. Haina ugonjwa mkubwa wa kuuliza. Ni nzito na injini ni ndogo, kwa hivo kupita lori inabidi upige hesabu, lakini Malindi na Mombasa hakuna milima. Sevisi ya kawaida 10,000 hadi 15,000 umemaliza. Wanaotaka dizeli wawe macho hapa. Zile 2.8 za Japani, kuanzia 2015, zina filta ya moshi na zinatumia AdBlue, maji ya dawa ya kusafisha moshi, na filta ile inaziba ukiwa safari zako ni za sokoni na msikitini tu. Australia wenye Prado za injini hiyo walienda mahakamani kwa ajili ya filta hizo. AdBlue yenyewe ikikaa kwenye joto zaidi ya digrii 30 muda mrefu inaharibika, na sisi hapa hiyo ndio hali ya hewa yetu.

Miguu

Discovery 4 inakaa juu ya upepo. Ukiwa ndani, barabara ya Marafa unaisahau, na hilo ndilo linalonifanya bado niko nayo. Lakini siku moja natoka huko huko Marafa, kabla sijafika daraja la Sabaki taa ya njano ikawaka, gari ikashuka mbele kama ngamia anayepiga magoti. Gereji ya kwanza wakaniambia kompresa, pampu inayojaza upepo kwenye miguu, nikalipa 80,000, gari ikainuka, nikafurahi. Miezi mitano kompresa mpya ikafa. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa mguu wa mbele kushoto unavuja kidogo kidogo usiku kucha, na kila asubuhi kompresa inafanya kazi ya ziada mpaka ikachoka. Nililipa mara mbili kwa sababu hakuna aliyepaka maji ya sabuni kutafuta povu, kitu cha dakika kumi. Mguu usio wa orijino ni 40,000 hadi 60,000, orijino unapita 100,000 kwa mmoja. Mikono ya chini ya mbele nayo inakula bushi zake haraka, na handibreki ya umeme ikiingiwa na matope inalia vibaya sana, inatakiwa kufunguliwa na kusafishwa kabla haijajivunja.

X5 mbele ni springi za kawaida, nyuma baadhi zina mifuko ya upepo, miwili tu, na gharama zake ni ndogo ukilinganisha na Discovery. Tabu yake ni nyingine. Iko chini zaidi, imekaza, na wengi huikuta na matairi yale ya kutembea yakiwa yametoboka, hayana huruma kwenye mashimo na huna tairi ya spea. Badilisha yawe ya kawaida na ubebe spea kwenye buti. Transfa yake, ile boksi inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma, pia ina gia ndogo ya plastiki kwenye mota, ikiliwa taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja na watu wanauziwa transfa nzima ya 120,000 wakati kigia chenyewe kinapatikana kwa pesa kidogo sana. Hakikisha matairi yote manne ni ya aina moja na yameliwa sawa, tofauti hiyo ndio inayochosha transfa.

Prado ni springi na shoki za kawaida, bushi unapata duka lolote, fundi wa chini ya mwembe anaifanya na inafanyika vizuri. Isipokuwa matoleo ya juu kama TZ-G, hizo zinaweza kuwa na upepo nyuma na mfumo wa mafuta wa kuzuia gari kulala kwenye kona, ukivuja gari inainama upande mmoja na bei yake inakaribia ile ya Discovery na X5. Kama huna haja ya TZ-G chukua TX, toleo la chini yake.

Umeme na chumvi

Hili watu wa bara hawalijui na ndilo linalotuua sisi. Upepo wa kusi ukianza, chumvi inaingia mpaka ndani ya soketi za nyaya, shaba inageuka kijani. Ongeza barabara ya Gongoni na Marereni yenye malori ya chumvi mchana na usiku.

Discovery ndiyo inayoteseka zaidi kwa sababu ina sensa za urefu kwenye kila gurudumu na kompresa yake iko chini huko huko inapopigwa na maji. Sensa ikilewa chumvi gari inadhani imeinama wakati haijainama. X5 chuma chake kinavumilia, shida inatoka juu, mifereji ya sanrufu inaziba kwa majani ya mwarobaini, mvua ya masika inaingia ndani, na betri pamoja na vifaa vingine vya umeme viko chini ya sakafu ya buti. Ukiona mtu ametandika zulia jipya kwenye buti liinue. Betri mpya lazima iandikishwe kwa mashine, ukiifunga tu kama ya lori haidumu.

Prado nayo isiachwe hivi hivi. Umeme wake ni kidogo kwa hivo hausumbui, lakini chesesi inaoza, hasa nyuma juu ya eksli pale matope yanapokaa, na nyingi zimepakwa rangi nyeusi juu ya kutu ndio zikauzwa. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga. Zote tatu zioshwe chini kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi kila baada ya siku za ufukweni, na kama kisima chenu ni cha maji ya chumvi, kama vingi vya mjini, basi peleka kwa anayeosha kwa maji ya mfereji.

Wale wenzetu wanaoishi Lamu na kuacha gari Mokowe siku kumi wakiwa kisiwani, Discovery yenye mguu unaovuja utaikuta imelala, na X5 utaikuta betri imekufa.

Fundi na spea

Prado hapa inashinda bila ubishi. Malindi nzima inatengenezwa, na ikiharibika Garsen kuna mtu ataigusa. Kasoro ni kwamba kwa vile inapendwa, spea feki zimejaa, na feki ya Prado inafanana na ya kweli mpaka maandishi. Nunua duka ambalo wenye hoteli na wapeleka watalii Tsavo wananunua.

Discovery na X5, kwa kazi kubwa utaenda Mombasa, km 120, na kama haitembei brekidauni haipungui 15,000. Spea nyingi zinatoka Nairobi kwa basi la usiku, asubuhi iko Malindi, lakini vitu vya Discovery vingine vinaagizwa Dubai au Uingereza na unangoja wiki. X5 kidogo ni rahisi kwa sababu watengenezaji halisi wa vipande wanauza kwa jina lao. Usiulize boksi la BMW, uliza Lemförder kwa mikono na bushi, ni kitu kile kile kwa bei ya chini, na hata mikono ya Discovery wanatengeneza.

Cha muhimu kuliko vyote kwa hizi mbili ni mashine ya kusoma gari. Fundi asiye na mashine ya kweli ya aina hiyo atabadilisha kitu baada ya kitu kwa kubahatisha, na kila kubahatisha unalipa wewe. Mi nilinunua kifaa changu kidogo cha kuchomeka kwenye Discovery, na kimenirudishia pesa yake ndani ya mwaka.

Mafuta

Hapa ni haraka. Discovery ya dizeli safari ndefu napata km 9 mpaka 10 kwa lita. X5 ya petroli 7 hadi 9 kutegemea mguu wako. Prado 2.7 inanipa 7 au 8, haipiti sana hata ukiibembeleza. Tofauti haifiki kufidia kompresa moja, kwa hivo usichague kwa mafuta.

Kabla hujatoa pesa

Iangalie ikiwa baridi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Discovery iache usiku mzima ikiwa imeinuliwa, pima urefu kwa kidole juu ya kila tairi, asubuhi pima tena. X5 washa, sikiliza, kisha tembea nayo mpaka ipate joto na upinde kona kali taratibu usikie transfa ikigonga. Zote tafuta umiliki kwenye mfumo wa NTSA, wale wanaosajili magari, maana logbuku yenye jina la benki ndani yake ni kesi. Ukiambiwa imefanyiwa sevisi kila wakati, omba risiti. Asiye na risiti hata moja hajafanya.

Na pesa ya akiba usiiunganishe na ya kununua. Kwa Discovery mi nasema 350,000 zikae pembeni tangu siku ya kwanza, X5 kama 200,000, Prado 100,000 zinatosha, na Prado hiyo inaweza kukaa mwaka haijaigusa.

Sasa wewe uko wapi

Kama gari ni moja nyumbani, inapeleka watoto madrasa na mama hospitali na huwezi kukaa wiki bila gari, nenda Prado TX ya petroli hata kama ni kuukuu na viti vimechakaa. Vile vile kama kazi yako ni Garsen, Mokowe au Magarini ndani ndani, au unajua utaiuza baada ya miaka mitatu, maana bei yake haianguki kama za wenzake.

Kama familia ni kubwa, mnasafiri mbali mara kwa mara, una gari nyingine ya kusukuma nayo siku mbaya na una yule fundi mmoja Mombasa unayemwamini na anayepokea simu, Discovery 4 itakupa raha ambayo hizi mbili hazina, na viti vya nyuma kabisa mtu mzima anakaa kweli. Ila iwe yenye risiti za beliti zote mbili. Isiyo na risiti mwambie muuzaji akukatie 100,000, akikataa ondoka.

Kama mko wawili au watatu, barabara zako ni za lami, Casuarina mpaka Watamu, Mombasa mara moja kwa wiki, na unapenda gari inayoendeshwa si inayobeba, X5 ya silinda 6 ya petroli ya 2011 kuendelea itakufaa, na ni ya bei ndogo zaidi kununua kwa starehe inayotoa. Fanya pampu ya maji, gasketi ya filta na oili ya giaboksi mwezi wa kwanza hata kama haijaomba.

Na ukiwa umekopa pesa yote kwa sako ili ununue, na akiba haipo, hakuna kati ya hizi tatu ya kuchukua mwaka huu. Chukua gari ndogo zaidi, weka 20,000 kila mwezi, Inshallah mwakani tutaketi tena tuchague.